Kwa nini kidole kilichelewa kuuma

Mwanangu,

Juzi ulipojigonga kidole cha mguu kwenye kitanda, ulisimama kimya, ukanitazama, ukasema: "Mama, sasa hivi itauma." Ikauma kweli. Ukaniuliza umejuaje mapema, nami kwa haraka zangu nikakujibu ovyo.

Habari ya kugonga ilipita kwenye nyuzi za neva nene, zilizovikwa mafuta yaitwayo mayelini, zinazokimbia hata zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Maumivu yale ya kuwaka hupita kwenye nyuzi nyembamba zisizovikwa kitu, mwendo wa kama mita 1 kwa sekunde. Pima mwenyewe kutoka kidoleni hadi mgongoni.

Ila usiwaze waya wa taa. Seli ya neva ikitulia, ndani yake pana umeme hasi, kama milivolti 70 chini ya nje. Sodiamu, chembe zenye umeme chanya, imejaa nje, inasubiri. Ukijigonga, vilango vichache kwenye utando wa seli hufunguka, sodiamu ikapenya. Ikipunguza uhasi ule hadi karibu 55, basi tena: vilango vya hapo hufunguka kwa mkupuo na ndani panageuka chanya. Haipiti milisekunde moja au mbili, potasiamu, chembe nyingine chanya, imetoka na mambo yametulia, lakini kipande jirani cha uzi kimeshashtuka, nacho kinakishtua cha mbele yake. Umeme huzaliwa upya njia nzima. Kurudi nyuma hauwezi, kwa kuwa vilango vilivyotoka kufunga havikubali kufunguka papo hapo.

Na kila mshtuko kama huo, yaani mpigo wa umeme, hauna mdogo wala mkubwa. Ukijigonga vibaya zaidi, mipigo inafuatana kwa wingi, basi.

Kule kugeuka chanya kuliwashangaza hata wataalamu. Mwaka 1939 wanasayansi Alan Hodgkin na Andrew Huxley waliingiza kipimo ndani ya uzi wa neva wa ngisi, mnene kama nusu milimita. Ilidhaniwa umeme ungeshuka hadi sifuri tu. Ukapitiliza. Mimi hupenda sana kwamba jibu lilitoka kwa ngisi.

Keshokutwa daktari wa meno atakuchoma ganzi. Dawa ile huziba vilango vya sodiamu, habari ya maumivu ikakwama njiani. Utasikia jino likisukumwa tu, usiogope. Ila usitafune kitu mpaka ganzi iishe, utajing'ata shavu bila kujua.

Mama yako