Mheshimiwa Waziri, kabla hatujaitwa wahuni

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya michezo, Tanzania.

Nakusalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania.

Mimi ni shabiki wa mzunguko, yaani wa viti vya bei ya chini, miaka mingi sasa. Sikuandikii kuomba tiketi wala kumlalamikia refa. Nakuandikia kuhusu neno moja, na kuhusu mageti.

Msimu uliopita nilimpeleka mpwa wangu mpirani, akiwa na miaka tisa. Tulifika mapema, tiketi zetu zimo kwenye kadi. Geti letu lilikuwa limefunguliwa bawa moja tu, watu wanapenya mmoja mmoja, na nyuma yetu wanazidi kujazana. Ikafika mahali nikamnyanyua mtoto mabegani kwa sababu kifua chake kilikuwa kimegandamizwa kwenye mgongo wa mtu wa mbele. Mama mmoja akapiga kelele: "Jamani fungueni na upande wa pili, kuna watoto huku!" Mlinzi aliyekuwa amesimama ndani ya geti akamjibu: "Rudini nyuma, wahuni nyie." Nyuma pa kurudi hapakuwepo. Tuliingia hatimaye, mpwa wangu ana kiatu kimoja.

Neno lile halijaniacha. Tunajiandaa kupokea AFCON ya 2027 pamoja na Kenya na Uganda, na mipango mingi ya ulinzi itaandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza shabiki mkorofi ana jina lake: hooligan. Naomba ujue neno hilo limetoka wapi na limefanya nini kabla halijaingia kwenye makabrasha yetu.

Lilianza kama jina la ukoo. Hooligan ni jina la Kiireland, na katika miaka ya 1890 kulikuwa na nyimbo za kuchekesha kwenye kumbi za London kuhusu familia ya jina hilo. Waireland wakati ule walikuwa miongoni mwa wahamiaji maskini wa mji. Kiangazi cha 1898 vijana wakakamatwa kwa fujo mitaani London, magazeti yakalidaka jina, na ndani ya miezi michache kila kijana mgomvi wa uswahilini kwao akawa hooligan. Warusi wakalichukua. Kufikia 1922 "khuliganstvo" lilikuwa kosa la jinai katika sheria za Kisovieti, na mwaka 2012 wanamuziki wa kundi la Pussy Riot walihukumiwa kifungo cha miaka miwili kwa kosa la jina hilohilo, baada ya kuimba dhidi ya Putin ndani ya kanisa kuu la Moscow. Jina la familia moja ya kuchekwa lilikuwa limeshakuwa pingu.

Kwenye soka neno hilo halikuzuliwa hewani, lazima niseme kweli. Mei 29, 1985, katika uwanja wa Heysel, Brussels, mashabiki wa Liverpool waliwavamia wa Juventus, ukuta ukaanguka, wakafa watu 39. Klabu za Uingereza zikafungiwa mashindano ya Ulaya. Tangu hapo mwenye skafu shingoni akatazamwa kama mhalifu mtarajiwa.

Sasa naomba usome hili taratibu. Aprili 15, 1989, uwanja wa Hillsborough, Sheffield, Liverpool na Nottingham Forest, nusu fainali ya Kombe la FA. Nje ya mageti ya upande wa Liverpool watu wamebanana. Saa 8:52 mchana mkuu wa polisi wa mechi, David Duckenfield, anaamuru geti kubwa lifunguliwe. Watu wanaingia kwenye njia ya chini inayowapeleka moja kwa moja kwenye vizimba vya katikati, yaani sehemu za kusimama zilizozungushiwa uzio, ambavyo vimeshafurika, huku vya pembeni vina nafasi. Mbele yao kuna uzio wa chuma, na uzio huo uliwekwa kwa ajili ya mahooligan. Wanaoanza kuukwea ili wapate pumzi, baadhi ya polisi wanawarudisha wakidhani wanavamia uwanja. Magari ya wagonjwa zaidi ya 40 yanafika, yanayoingia mpaka kwenye nyasi ni ya kuhesabika kwa vidole. Mechi inasimamishwa saa 9:06. Idadi ya waliokufa leo ni 97.

Siku ileile Duckenfield alisema mashabiki ndio waliovunja geti. Maiti zikapimwa pombe kwenye damu, za watoto zikiwemo. Gazeti moja kubwa likaandika kuwa mashabiki walewale waliwaibia marehemu. Na watu waliamini, kwa sababu neno lilikuwa limeshaandaa masikio yao. Familia zilihangaika miaka 27, mpaka baraza la uchunguzi la 2016 lilipotamka kwamba wale watu waliuawa isivyo halali na mashabiki hawakuwa na kosa.

Mheshimiwa, sisi tuna neno letu. Wakoloni wa Kiingereza walilikuta kwenye Kiswahili wakalitumia: vijana wasio na kazi Dar es Salaam wakaitwa wahuni, wakakamatwa, wakarudishwa makwao. Leo vijana wanaitana wahuni kwa upendo, maana yake washikaji. Lakini likitoka kinywani mwa mwenye funguo za geti linarudi kuwa lile la mkoloni.

Na mageti yetu yameshaua. Mei 28, 2023, Yanga na USM Alger kwa Mkapa, mtu mmoja alifariki na wengine wakajeruhiwa kwenye msongamano. Machi 21, 2021, pale Uwanja wa Uhuru, walikufa watu 45 kwa mujibu wa polisi. Wale walikwenda kumuaga Rais Magufuli. Walikwenda kulia.

Nakuomba mambo yanayowezekana. Mageti yote ya mzunguko yafunguliwe mabawa yote, saa iliyotangazwa. Awepo mtu mmoja mwenye jina na simu, mwenye mamlaka ya kuchelewesha mechi nje kukiwa kumejaa. Njia ya gari la wagonjwa isiegeshwe gari la mkubwa yeyote. Na kwenye mafunzo ya walinzi, aliyeko kwenye foleni aitwe mtazamaji. Mkorofi akipatikana akamatwe yeye, kwa alichokifanya yeye.

Mpwa wangu ametimiza miaka kumi. Anataka kuiona Taifa Stars kwenye AFCON, na nimeshamwahidi. Nimemnunulia viatu vya kufunga kamba.

Wako,
Shabiki wa mzunguko, Temeke