Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wasindikaji wa Unga wa Lishe, Magu, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wazazi na wageni waalikwa,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha Magu. Umekuja na vumbi lote hili, tunashukuru sana.

Kikundi kilianza mwaka 2019 kikiwa na wanachama 9 na mashine ya kuazima. Leo tuko 34, tuna mashine yetu, na unga wetu unakuza watoto wa kata nzima na kuvuka maji hadi Ukerewe. Mafanikio ni mengi mno. Mengine utayaona mezani.

Mheshimiwa, kinachotunyima usingizi ni sumukuvu. Wengi tuliamini saratani ya ini huletwa na virusi peke yake, au na mkono wa mtu. Kumbe ukungu wa mahindi na karanga zilizohifadhiwa hazijakauka hutoa sumu inayosababisha saratani hiyo, na kwa mwenye homa ya ini B hatari huongezeka mara nyingi zaidi. Kuchemsha uji hakuiondoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, nchi nzima ikasikia. Hii inayoingia kidogo kidogo kwenye kikombe cha mtoto haitangazwi na mtu. Punje mbovu tunazochambua huja kuombwa na wapika pombe, na pombe nayo huliumiza ini. Tumekataa kuwauzia, na hasara tumeibeba wenyewe.

Mahindi ya vuli tunayavuna masika ikikaribia. Yanatakiwa yashuke chini ya asilimia 14 ya unyevu ndipo yafungwe. Sisi tunapima kwa meno, Mheshimiwa. Tunang'ata punje, ikilia, tunafunga gunia. Meno hayawezi kubeba afya ya watoto wa watu.

Kwa hiyo tunaomba kipima unyevu kimoja, maturubai 20 ya kuanikia, mifuko isiyopitisha hewa, na bati za kuezekea ghala ambalo kuta zake unaziona nyuma yako. Kuta hizo tulizijenga kwa michango yetu baada ya mgeni rasmi aliyekutangulia kuahidi bati hapa hapa, kabla ya mvua. Tulimpigia vigelegele. Vuli mbili zimepita, barua 3 tumeandika, na nakala zake tumeambatanisha na risala hii. Ukiridhia, tunaomba utamke leo ni nani tumfuate na tarehe gani, katibu aandike ukiwa bado umeketi nasi.

Tunaomba kuwasilisha.