Hali ya njia za Kilimanjaro itangazwe kama upepo wa ziwani

Mhariri,

Kila inapokaribia Desemba 9, matangazo ya kuwaalika Watanzania kupanda Mlima Kilimanjaro kwa kumbukumbu ya Uhuru hutufikia hata huku Mwanza. Mwaka juzi niliitikia mwaliko mmojawapo, na sijutii. Ila tangazo lililonivuta lilitaja bei, fulana na cheti, bila neno hata moja kuhusu hali ya njia.

Tulipanda kwa njia ya Machame. Siku mbili kabla hatujafika kambi ya Barafu, theluji ilianguka kileleni. Tulipopita Stella Point, kwenye ukingo wa kreta karibu na kilele, alfajiri, ilikuwa imekwisha kushindiliwa kwa nyayo za waliotutangulia, kisha baridi ya usiku ikaigandisha, ikawa inang'aa mbele ya tochi zetu na kuteleza kama sakafu ya mwaloni baada ya sangara kupakuliwa. Mwenzetu mmoja alivaa raba, kwa sababu orodha tuliyopewa na waliotuuzia safari iliandika "viatu imara" basi. Aliserereka kuelekea mteremkoni, na kama kiongozi asingeudaka mkoba wake, sijui tungemkuta wapi.

Hiyo ni njia ya watu wengi. Kule Western Breach, njia ya upande wa magharibi wa Kibo, kilele kikuu cha mlima, hatari hutoka juu. Januari 2006 mawe yaliporomoka pale yakawaua wapandaji watatu kutoka Marekani, njia ikafungwa kwa muda. Mwaka 2015 jiwe lilimuua Mmarekani mwingine. Barafu ndiyo saruji inayoyashika mawe yale, na jua likiipiga huyaachia, ndiyo maana wazoefu huvuka mapema wakiwa na kofia ngumu. Sisi tunaolala chini ya majabali ya Mwanza tunaweza kudhani tumeyazoea mawe, lakini ya kwetu hayakugandishwa kwa barafu. Na kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imetoweka, maelezo ya njia ya miaka kumi iliyopita hayawezi kuaminiwa leo.

Mvuvi wa Igombe husikiliza kwanza utabiri wa upepo na mawimbi kabla ya kuingiza mtumbwi majini. Mpanda mlima naye anastahili kuelezwa kwa Kiswahili theluji imeshuka hadi kambi ipi, barafu ngumu iko wapi, mawe yameanguka sehemu gani, na tarehe ya taarifa yenyewe, maana njia iliyokuwa kavu Jumatatu inaweza kufunikwa Alhamisi. Viongozi na wapagazi wanaoshuka wanayajua haya yote, na huambiana getini. Kinachokosekana ni mtu wa kuyaandika.

Naomba gazeti lako, kwa wiki mbili tu kabla ya Desemba 9, litenge safu moja ya taarifa hiyo kando ya utabiri wa ziwa.

Msomaji wako,
Nyegezi, Mwanza