Mubende imefunguliwa, siku 42 hazijaisha

Ndugu Mhariri,

Jumamosi iliyopita, tarehe 17 Desemba 2022, tulimsikia Makamu wa Rais wa Uganda, Mheshimiwa Jessica Alupo, akisoma tangazo la Rais Museveni kwamba wilaya za Mubende na Kassanda zimefunguliwa. Tulikuwa tumefungiwa siku 63 kwa sababu ya Ebola. Nilikaa barazani kwangu, karibu na barabara ya Fort Portal, nikasikia honi za boda boda hadi usiku, na sikumlaumu hata kijana mmoja. Mtu aliyekaa miezi miwili bila kubeba abiria, mwenye nyumba anamdai kodi na watoto wanamtazama mkononi, ana haki ya kupiga honi.

Hofu yangu ilianza kesho yake. Nilikwenda msikitini kwa swala ya magharibi. Jerikeni la kunawia lilikuwa pale pale mlangoni, lakini kavu, koki yake imefungwa kwa uzi, sabuni haipo. Vijana watatu walinijia mikono mbele wanisalimie kama zamani. Niliporudi nyuma hatua moja, mmoja akaniambia kwa upole, “Mzee wangu, Ebola imekwisha, hata Rais amefungua.” Jumatatu nikapita stendi ya teksi. Ile ndoo ya maji ya klorini ambayo abiria walikuwa wakiipangia foleni, utingo alikuwa anaoshea magurudumu.

Rais amefungua barabara, makanisa na misikiti. Ugonjwa una hesabu yake, na hesabu hiyo haisomwi redioni kwa amri ya mtu. Mgonjwa wa mwisho aliruhusiwa kutoka hospitali tarehe 30 Novemba. Virusi hivi hukaa mwilini kati ya siku 2 na 21 kabla homa haijatokea, ndiyo maana madaktari huchukua zile 21 wakazizidisha mara mbili, ili kama kuna mtu aliyeambukizwa kwa siri akamwambukiza mwingine, naye awe ameonekana. Hizo ndizo siku 42. Leo tarehe 20 Desemba tumehesabu 20. Hatujafika hata nusu. Tukifika tarehe 11 Januari bila mgonjwa mpya, tutasema imekwisha. Akipatikana mmoja kabla ya hapo, tunarudi kwenye moja.

Naandika haya kwa sababu mimi ni mwosha maiti. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa katika kundi la msikiti wetu linaloitwa usiku au mchana Mwislamu anapofariki. Hatulipwi, wala hatutaki kulipwa. Kumwosha ndugu yako mara ya mwisho, kumkamua tumbo taratibu, kumfunga sanda, ni heshima ambayo hata maskini asiye na jamaa anastahili. Na kazi hiyo hiyo ndiyo njia ambayo Ebola huipenda kuliko zote, kwa sababu maiti ya Ebola imejaa virusi kuanzia jasho la ngozi hadi matapishi.

Mwanzoni mwa Septemba, kabla mtu yeyote hapa hajalitamka neno Ebola, mwenzangu wa siku nyingi aliitwa kuosha kijana wa jirani. Mimi nilikuwa Fort Portal kwa binti yangu aliyejifungua, la sivyo tungekwenda wote wawili kama kawaida yetu. Nyumbani kwa marehemu walisema ni malaria iliyopanda kichwani. Wengine walinong’ona kwamba ni uchawi, ugomvi wa shamba. Rafiki yangu hakuuliza, kwa sababu mwosha maiti haulizi. Siku ya tisa alishikwa na homa. Niliporudi Mubende nilionyeshwa kaburi.

Tarehe 20 Septemba Wizara ya Afya ilitangaza. Mgonjwa wa kwanza kuthibitishwa alikuwa kijana wa miaka 24 kutoka Madudu, aliyefariki siku moja kabla, na Wizara ikasema kuna vifo vingine sita vya kutatanisha vilivyotokea mwezi huo huo katika wilaya yetu. Tangu hapo tumesikia hesabu kila jioni hadi masikio yakazoea. Waliothibitishwa 142, waliofariki kati yao 55. Lakini kuna namba nyingine ambayo haisemwi sana, nami naomba isemwe kwa sauti: 22. Hao ni watu ambao kila dalili inaonyesha waliuawa na Ebola, ila walizikwa kabla ya kupimwa. Ishirini na wawili walioshwa, walibebwa, walifanyiwa matanga, na waliowagusa hawakujua wanagusa nini. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kifo hakikumuumbua aliyeficha peke yake, kiliwafuata waliomwosha na waliomuuguza.

Wauguzi na madaktari nao walilipa. Wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 wamekufa. Wa kwanza kati ya madaktari alikuwa Dkt. Mohammed Ali, Mtanzania wa miaka 37 aliyekuwa akisomea upasuaji hapa Uganda. Alifariki Fort Portal tarehe 1 Oktoba, mbali na kwao. Nilipowasikia wale vijana mlangoni wakisema imekwisha, nilimfikiria yeye. Wenye umri wangu tunakumbuka pia Gulu mwaka 2000, walipokufa watu 224, akiwemo Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, aliyekaa na wagonjwa wake hadi ugonjwa ukamchukua mwezi Desemba. Kule nako watu walikuwa wameanza kupumua, kumbe ugonjwa haukutangazwa kwisha hadi Februari.

Sitaki kuwalaumu wananchi peke yao, kwani nao wana kisa chao. Wiki za kwanza, timu ya mazishi ilikuja na gari, watu waliovaa mavazi meupe kutoka kichwani hadi miguuni, wakamchukua marehemu kwenye mfuko, wakamzika, wakaondoka. Hakuna aliyeeleza. Mama alibaki amesimama uani hajui mwanawe ameswaliwa au la. Katika vijiji vya jirani ilisemwa kwamba wanachukua viungo. Familia ikishaamini hivyo, mgonjwa wa pili hawamtoi ndani, na maiti ya tatu wanaizika wenyewe usiku. Kule Kassanda kuna watu waliofukua mwili uliozikwa na timu ili wautendee ibada yao ya dini, na Ebola ikawaingia.

Kilichobadilisha hali kwetu hakikuwa askari. Ni siku timu ilipokubali kusubiri. Sheikh wetu alitueleza kwamba sharia haimlazimishi mtu kujiua kwa kuosha maiti, kwamba pale maji yanapoleta madhara kuna tayamamu, yaani kutumia udongo safi badala ya maji, na hata hiyo ikishindikana, maiti inaswaliwa. Wakaturuhusu tusimame mbali kidogo na kaburi, safu mbili, tukamswalia marehemu huku baba yake akiona kila kitu kwa macho yake. Walitaja jina lake. Walimwuliza baba kichwa kielekee wapi. Nusu saa tu iliongezeka, na tangu siku hiyo, katika mtaa wetu, watu walianza wenyewe kumwita mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, pakitokea kifo. Wakuu wa timu hizo wasiifute nusu saa hiyo kwa sababu sasa hawana haraka.

Karantini yenyewe ilikuwa na maumivu, na kwa muda nilijiuliza kama ilihitajika. Rais mwenyewe alisema mwanzoni kwamba hatafunga, kwa kuwa Ebola haisambai kwa hewa kama Korona. Kisha ikasikika habari ya yule mtu aliyetoroka timu kijijini, akaenda kutafuta mganga wa kienyeji wilaya nyingine, akaingia Kampala na kulazwa hospitali ya Kiruddu kwa jina lisilo lake, akafia huko. Baada ya hapo Kampala ikapata wagonjwa wake, na ugonjwa ukafika wilaya tisa, hadi Jinja. Nikaacha kujiuliza.

Wapo wanaosema chanjo imekuja, tuache woga. Chanjo iliyotumika Kongo ni ya Ebola ya aina ya Zaire. Yetu ni aina ya Sudan, na haina chanjo iliyoidhinishwa. Dozi 1,200 za majaribio zilifika nchini tarehe 8 Desemba, zikakuta wodi hazina wagonjwa. Nashukuru kwamba zimekuta wodi tupu. Lakini mpaka sasa kinga tuliyo nayo ni sabuni, maji, na ulimi unaosema ukweli mtu anapougua.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Watu 87 wamepona. Mtaani kwetu yupo mama mmoja kati yao, muuza nyanya. Amerudi mezani kwake na cheti cha hospitali amekikunja kwenye kanga, na nyanya zinaozea mbele yake. Watu wanaopeana mikono stendi bila wasiwasi ndio hao hao wanaovuka barabara kumkwepa. Hofu yetu imeondoka pale inapotakiwa, imehamia kwa mtu ambaye nyanya zake hazina dhara lolote. Kwa wanaume waliopona, madaktari wanaeleza kwamba virusi vinaweza kubaki kwenye mbegu za kiume kwa miezi, ndiyo maana wanaombwa kurudi kupimwa na kutumia kondomu hadi majibu yawe safi. Atarudi vipi kupimwa mtu ambaye kila akionekana njia ya hospitali anapigiwa miluzi?

Krismasi ni Jumapili. Watoto wetu wanaofanya kazi Kampala watajaa kwenye teksi kurudi nyumbani, na wa hapa watakwenda Kyegegwa, Kagadi, Masaka. Hakuna atakayewazuia, wala mimi siombi wazuiwe. Ninachoomba ni kwamba hadi tarehe 11 Januari kifo chochote cha ghafla nyumbani, cha mzee au cha mtoto, kiripotiwe kwa LC au kwa wahudumu wa afya wa kijiji kabla maiti haijaguswa, sampuli ichukuliwe, kisha familia izike. Wahudumu hao ndio waliotembea nyumba kwa nyumba wakipima joto, wakitukanwa. Wasiambiwe leo kwamba kazi imekwisha, na posho yao isikatwe kabla ya hesabu kufika mwisho.

Kundi letu la waosha maiti limekubaliana. Tukiitwa, tutauliza kwanza, ingawa mila haikuturuhusu kuuliza: aliugua siku ngapi, alitapika, alitoka damu, alimzika nani karibuni? Jibu lisiporidhisha, tutakaa na wafiwa nje, tutampigia simu mhudumu, tutasubiri nao.

Wiki hii itakuwa swala yetu ya kwanza ya Ijumaa baada ya kukosa Ijumaa tisa. Nimenunua koki mpya na miche minne ya sabuni. Kuanzia saa tano nitakuwa mlangoni na jerikeni mbili za lita 20, na wale vijana watatu wameahidi kunisaidia kuchota.

Mwosha maiti,
Mubende mjini
20 Desemba 2022