Saa zetu ziandikwe kama zilivyo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo ambalo wafanyakazi wengi wanalo moyoni lakini hawawezi kulisema kwa kuwa bado wanategemea mshahara. Mimi nimeshaacha kazi.

Nilikuwa karani wa hesabu katika kampuni moja kwa miaka sita. Nilipoajiriwa tulikuwa watano katika idara. Wawili walipoondoka, meneja alituomba tushike kazi zao "kwa muda tu" wakati watu wapya wakitafutwa. Hakuna aliyetafutwa. Kazi ya watu watano tukaifanya watatu, mshahara ukabaki ule ule, na mwisho wa mwaka idara yetu ikasifiwa kwa kubana matumizi.

Lililoniuma kuliko yote ni daftari la mahudhurio. Ikifika saa kumi na moja jioni tulitakiwa kusaini kwamba tumetoka, kisha tukarudi mezani. Nimetoka saa mbili usiku, saa tatu, na siku za kufunga hesabu za mwezi hata saa tano, huku daftari likisema niko nyumbani tangu jioni. Mwenzetu mmoja aliandika saa ya kweli. Kesho yake aliitwa akaulizwa kwa nini anashindwa kumaliza kazi kwa wakati. Hakuandika tena, na sisi hatukuthubutu. Mkaguzi yeyote ambaye angelifungua daftari lile angeona kampuni inayofuata sheria.

Najua nitaambiwa kazi ni kujituma. Nakubali, na dharura ikitokea hakuna haja ya kuhesabu dakika. Ila dharura zetu zilitengenezwa ofisini. Meneja alikuwa akipokea maagizo asubuhi, anakaa nayo, halafu anatuletea saa kumi na nusu akitaka majibu kabla ya kesho. Hakuwa mtu katili. Hakujua kupanga kazi, na gharama ya kutopanga kwake tuliilipa sisi. Jumapili nako ujumbe uliingia. Nilifika mahali nikawa nashtuka simu ikilia, hata anapopiga mama yangu.

Kwa mazoea ya ukarani, nilianza kuandika saa zangu za kweli katika kijitabu changu. Katika miezi minne, hakuna wiki niliyofanya kazi chini ya saa 58. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliweka kikomo cha saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani. Zaidi ya miaka 100 imepita. Mwaka 2021 shirika hilo na Shirika la Afya Duniani walitoa makadirio kwamba kazi ya saa 55 au zaidi kwa wiki ilihusika na vifo 745,000 mwaka 2016, vya kiharusi na maradhi ya moyo. Niliyasoma hayo usiku, nikiwa na kijitabu mkononi na presha ambayo daktari alikuwa ameigundua wiki ile ile. Niliandika barua ya kuacha kazi kabla hakujapambazuka.

Wenzangu wawili bado wako pale, na nasikia nafasi yangu nayo haijajazwa. Kwa waajiri ninaomba hili: saa ziandikwe kama zilivyo, na anayeziandika asiitwe ofisini. Saa za kweli zikionekana, hata menejimenti yenyewe itajua ni watu wangapi wanaopungua. Kwa wakaguzi wa kazi, mkifika saa nne asubuhi mtapewa daftari na chai. Njooni saa mbili usiku, mhesabu walio mezani, ndipo muombe daftari.

Aliyekuwa karani wa hesabu