Kaka, unga ulikuwa bado mikononi mwake

Kaka,

Pesa ulizotuma za mazishi zilifika. Zilinunua mchele na maji, na waliokula hawakuuliza zimetoka kwa nani. Ahsante. Lakini nilikutaka wewe.

Tangu tumzike shangazi, inanirudia ile Jumapili ya Julai 2010. Umetoka kanisani na shati lako la mistari, ukaingia uani kwake na karatasi za mchungaji. Yeye anakanda unga wa mahamri, kwa sababu yako, sisi wengine chapati zilitutosha. Ukamsomea: katiba hii ikipita, Kadhi atatutawala sote, kijani, yaani kura ya ndiyo, ni kuiuza nchi. Akanyanyua mikono, unga umemganda hadi viwikoni, akauliza: "Mwanangu, thumuni yangu ndiyo iliyokutisha?"

Ukacheka. Maneno nimeshakusamehe, kaka. Kicheko, bado.

Ulijua habari ya hiyo thumuni, fungu la nane la mjane katika mirathi. Mashemeji walikuja na lori hata tanga halijaondoka, na aliyewarudisha mikono mitupu ni Kadhi. Mahakama za Kadhi zimo kwenye katiba tangu 1963, Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walipokubaliana kuhusu ukanda wa Pwani. Ni ndoa, talaka na mirathi za Waislamu, nao wawe wameridhia kwenda huko. Karatasi yako hayo haikuwa nayo.

Hofu yako lakini naijua. Mwezi uliotangulia watu sita waliuawa kwa mabomu pale Uhuru Park, kwenye mkutano wa makanisa wa kuipinga katiba hiyo hiyo. Hukulala siku ngapi? Na suala la kutoa mimba nilikuelewa, hata leo nakuelewa.

Ila 2022 ukanipigia tena: Ruto ni mtu wa maombi, tumpe. Yule yule aliyetuongoza kwenye nyekundu, kura ya hapana, 2010. Kaka, mgombea akipiga magoti mbele ya kamera, wewe muulize bei ya unga. Usikubali mchungaji akushike mkono hadi kwenye sanduku la kura. Mimi nilishikwa, najua ninalosema.

Maana siku ile nilikuwa mlangoni na sufuria, na sikusema neno. Si woga. Mama alikuwa mgonjwa, wewe ndiye uliyekuwa ukilipa dawa, ningegombana nawe vipi? Na mchungaji alikuwa ameshalisema Jumapili tatu mfululizo. Mtu akiambiwa jambo Jumapili tatu... Basi. Tarehe 4 Agosti niliingia darasani kupiga kura, nikatia alama kwenye nyekundu. Hili hulijui. Hakuna anayelijua, na sasa naona nimelianika kwa wote.

Kijani ikashinda kwa asilimia 67 hivi. Shangazi akavuka feri na mahamri ndani ya kitambaa, ya moto bado, akaniuliza, "Nawe ulipiga ipi?"

Nikamwambia kijani. Nikala manne.

Arobaini yake ni Ijumaa ijayo, baada ya Alasiri. Usitume pesa.