Pezi la ule ubao wako

Oceanside, California
Jumapili jioni

Ndugu yangu Athmani,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mdogo tu ana mafua. Ule ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiosha vyombo, nikaona heri nikuandikie. Kwenye simu utanikatiza kila nikifungua mdomo. Isitoshe, kuna kitu nakutumia kwa posta, kwa hiyo barua imepata chombo cha kupanda.

Aliyekuuzia huo ubao wa kupanda mawimbi hakukudanganya, ila amekueleza nusu. Ni kweli umechongwa kwa mtindo wa zamani. Lakini kusema "wa zamani" ni kama kusema umenunua chombo Lamu: dau, mashua au jahazi? Nimezikuza picha zako mpaka nikaona chapa ya mguu wako kwenye nta. Fanya hivi kabla hujagusa pezi, lile la chini ya mkia wa ubao. Ulaze ubao kwenye majani, pima urefu wote, tia alama katikati, kisha tafuta pale ulipo mpana kuliko pote. Naweka dau utapakuta nyuma ya ile alama, inchi tatu au nne kuelekea tezi, yaani nyuma ya ubao. Ukiutazama kwa juu una nyonga kama za shangazi zetu.

Basi huo si mtindo wa 1966 kama ulivyoambiwa. Huo ni wa 1955, wa mchonga mbao Dale Velzy, na jina lake ni Pig. Ndiyo, nguruwe. Usimwambie mama.

Na hapo ndipo tatizo lako lilipo. Unalalamika kwamba ukigeuza nyuma panateleza, na ukipiga hatua mbili kwenda omo, mbele, ubao unakutupa. Mtu wa dukani akakuuzia pezi la inchi kumi, akisema pezi kubwa hushika zaidi. Nimeliona: jembamba, limelala nyuma kama mkia wa jodari, ncha inapinda ukiisukuma kwa kidole. Pezi zuri sana. Mimi ninalo kama hilo, silitoi kwa mtu. Ila lina kwao. Ukoo wake ni wa George Greenough, yule Mkalifornia aliyekuwa akitazama mapezi na mikia ya samaki waendao kasi na kuiga umbo lake kwa faiba. Nat Young, Mwaustralia, alishinda ubingwa wa dunia wa kupanda mawimbi San Diego mwaka 1966 akiwa na pezi la Greenough chini ya ubao wa futi 9 na inchi 4. Lakini ubao ule ulikuwa mwembamba na mwepesi kwa zama zake, na yeye alikuwa akigeuka kwa nguvu, akiegemea ubavu. Pezi linapinda, halafu linakurudishia ile nguvu.

Wewe hugeuki hivyo, wala ubao wako hautaki. Una tezi pana na kingo za mviringo zisizokata maji. Mtindo wake ni kurudi nyuma, kukanyaga juu ya pezi kabisa, omo ikanyanyuka, na ubao mzima ukazunguka hapo ulipo kama bikari kwenye daftari. Mguu wa bikari ukiwa unapinda, utachora duara gani?

Mapezi ya kwanza ya huo ubao yalikuwa kama herufi D, kitako kirefu, mgongo wa duara, na nyuma yamenyooka wima sawa na mwisho wa ubao. Yaligandishwa kwa faiba moja kwa moja, hayatoki. Ni magumu kuyageuza kwa sababu yana eneo kubwa ndani ya maji, lakini ukishashika mstari wako kwenye wimbi hakuna wa kukutoa. Wako una sanduku la pezi, ule mfereji wa inchi kumi na nusu, na mfereji haufiki mwisho wa ubao. Kwa hiyo hata ukipata D, haitakaa pale Velzy alipoiweka. Kuna watakaokuambia bila D si Pig. Waache, wao wanakusanya mbao, sisi tunaingia majini.

Nakutumia pezi la wima, wanaloliita pivoti. Inchi tisa na nusu. Litoe kwenye kanga (ndiyo, nimelifunga kwa kanga, utairudisha), ulishike kwa kitako, ulielekeze kwenye taa. Utaona limesimama karibu wima, na kuelekea nchani halikondi sana. Pitisha kidole kutoka mbele kwenda nyuma: mbele ni mviringo, linanenepa kidogo baada ya hapo, halafu linakonda taratibu hadi nyuma. Nimelipiga msasa mwenyewe, maana lilivyokuja ukingo wa nyuma ulikuwa bapa kama rula, na pezi la namna hiyo huvuma majini ukishika kasi. Sukuma ncha. Halipindi. Ndivyo tunavyotaka.

Ile kanuni ya inchi moja ya pezi kwa kila futi ya ubao siipingi, ni mahali pa kuanzia tu. Haikwambii chochote kuhusu umbo, na umbo ndilo lililokuponza. Inchi kumi zilizolala nyuma na kukonda zina eneo dogo kuliko tisa na nusu zilizosimama na kujaa.

Lisukume nyuma kabisa kwenye mfereji. Ukiona ubao umekuwa mzito kugeuka, lisogeze mbele kidogo, robo inchi kwa siku, usibadilishe mambo mawili kwa mpigo. Ukitembea kwenda omo, maji yanapanda juu ya tezi na kuikandamiza, na pezi hili linaizuia isiteleze pembeni. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini watu wazima huning'iniza vidole kumi vya miguu nje ya omo na kucheka peke yao.

Kuna ubaya wake, na kwenu Santa Cruz ubaya huo ni mkubwa. Mwani. Si ule wa kina mama wa Paje wa kufunga kwenye kamba, huu wa huku ni msitu. Pezi lililolala huuteleza, la wima huunasa kama ndoana. Ingia maji yakiwa yamejaa, mwani mwingi unakuwa chini. Ukiona kichaka mbele yako, sogea mbele hatua moja ili tezi inyanyuke, upite, urudi. Utanaswa tu, lakini mara chache.

Usinunue pezi la shoka. Najua utaliona, lina shingo nyembamba na kichwa kipana, na lile la mbao lenye mistari ya rangi tofauti linavutia kama sahani ya ukutani. Mimi nililinunua kwa sababu hiyo hiyo. Nikaenda nalo San Onofre maji yamekupwa, na chini pale ni mawe ya mviringo kama vichwa. Wimbi la tatu nikasikia ko! mguuni. Kichwa chote cha shoka uzito wake uko chini, na shingo haikukatika, ikang'oa kona ya sanduku. Maji yakaingia kwenye povu gumu la ndani ya ubao. Niliusimamisha ubao gereji wiki mbili ukitoa machozi ya chumvi kwenye kitambaa, mke wangu akipita ananiuliza mgonjwa anaendeleaje.

Skrubu na kile kibati chake nimevitia kwenye pakiti tupu ya majani ya chai, ndani ya bahasha hii. Usivifungulie ufukweni, kile kibati ni kidogo kuliko ukucha na mchanga haukirudishi. Kidondoshe mferejini nyumbani, kisukume kwa bisibisi mpaka mbele ya pezi, kaza mpaka kishike, usikaze kwa hasira.

Lile la inchi kumi usiwarudishie. Nitumie mimi, ninao ubao unaolifaa, na nitakulipa nusu ya bei uliyopigwa. Hiyo nusu nyingine mdai aliyekuambia 1966.

Wasalimie nyumbani. Na kanga ni ya Mwanaisha, hajui.

Ndugu yako,
Bakari